Gauni la Kwenye Kivuli cha Wifi

Fundi cherehani alimkuta wifi yake, mke wa kaka yake, akianua nguo uani. Wifi alikuwa amevaa suruali na fulana. Kivuli chake, pale kwenye saruji, kilikuwa kimevaa gauni lenye mkono mmoja.

Fundi alilijua gauni lile. Mama yake alikuwa akimshonea yeye, akafariki kabla ya kuunga mkono wa pili, na fundi mwenyewe hakuthubutu kulimalizia. Paa lake lilipoanza kuvuja, alilifunga gauni kwenye mfuko mweusi wa nailoni, kama mama alivyozoea kufunga vitu vyake vya thamani, akamkabidhi wifi mkononi amtunzie. Haikupita wiki, wifi akasema wezi wameingia, wameuiba mfuko. Wezi hao waliacha televisheni, redio na jiko la gesi.

"Wifi, kivuli chako kimevaa nini?"

"Hata mimi nimeona. Jirani anasema kimependeza."

"Hilo ni gauni la mama."

"Basi kiulize chenyewe. Mimi nilishakwambia, wezi."

Kaka mtu, aliyekuwa akipiga mswaki kwenye bomba, alisema si vizuri ndugu kugombana kwa sababu ya kivuli.

Tangu hapo fundi akawa haishi kuja alasiri, mara anaazima pasi, mara anarudisha pasi. Jicho lake halikubanduka kwenye saruji. Begani kwa kivuli mkono wa pili ulikuwa ukiongezeka kidogo kidogo, na mishono yake ilikuwa ya mama, mifupi, iliyobana. Siku mkono ulipotimia, fundi alilia bila kujificha. Wifi alikuwa na mabega mapana; gauni lilikuwa limekaa kwenye mabega membamba, ya fundi.

Akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa. "Simama hapo hapo, wifi. Usitikisike."

Wifi alisimama, akipiga miayo. Fundi alipiga magoti akalichora gauni lote, kuanzia shingo mpaka pindo. Sasa angeweza kulikata upya.

"Naenda kuchukua karatasi ya kunakilia. Pasiguswe hapa."

"Nani apaguse?"

Aliporudi, ua wote ulikuwa umelowa, unang'aa. Wifi alikuwa ameegemea fagio, na kivuli chake kilikuwa kimevaa suruali na fulana.

"Palikuwa na mchoro hapa," fundi alisema.

"Kumbe ulikuwa unauhitaji? Nilidhani ni uchafu," wifi alijibu. "Kama ule mfuko wako."

Fundi alimtazama. Wifi akafikiri kidogo.

"Ule walioiba wezi," aliongeza.

Fundi akaikunja karatasi yake, akaibana kwapani. Alipotaka kupita kwenda mlangoni, wifi alimwomba azunguke kwa pembeni, maana sakafu ilikuwa bado haijakauka.