Uwele wa Njiani

Mama yangu alianza kuwasikia wapagazi mwaka ule mahindi yetu yalipokauka tena. Alikuwa anakaa kizingitini, joto la Oktoba limetulia juu ya miti, mara ananyoosha mkono tunyamaze. "Recheli, sikia. Wanakuja." Mimi nasikia nyuki tu. "Nani hao, Mayu?" "Wapagazi. Wamebeba, wamechoka, hawajala." Njia ya zamani ya misafara inapita nyuma ya shamba letu hapa Ipole. Siku hizi ni kinjia cha baiskeli na ng'ombe, lakini kwa Mayu bado ilikuwa imejaa watu.

Mimi sina kifua, jamani, nasema kama lilivyo. Kuna siku nilimwonea wivu. Yeye akitazama nje aliona misafara, mimi niliona mabua makavu na mlo wa michembe, viazi vyetu vya kukausha, asubuhi na jioni.

Tulichobakiwa nacho ni fungu la masuke ya uwele, limening'inia kwenye uchaga juu ya mafiga, jeusi kwa moshi. Ulikuwa uwele wa bibi yake Mayu. Suke lake lina manyoya makali hata ndege hawaligusi, na unakomaa wakati mvua bado inajifikiria. Zamani kila nyumba ilikuwa nao. Ikaja tumbaku, yakaja mahindi ya madukani, watu wakaona uwele ni ushamba. Nilishauulizia Sikonge, nikampigia hadi shangazi yangu aliyeko Choma. Hakuna. Mbegu iliyobaki ilikuwa ile ya jikoni kwetu, na mvua zikianza nilitaka kuipanda.

Ndipo akaja Dionis, bwana shamba kijana kutoka Tabora mjini.

"Shikamoo mama. Kuna mradi wa nchi kadhaa. Wanatafuta mbegu za zamani zinazovumilia ukame, wanazizalisha kwa pamoja, kisha wanazirudisha kwa wenyewe. Atakuja mama mmoja, mtaalamu, anaitwa Salamata, anatoka Bukinafaso."

"Ndiyo wapi huko?"

"Magharibi kabisa ya Afrika. Kwao uwele ndio chakula chenyewe."

Nikacheka, si kwa furaha. "Dionis mwanangu, miradi imepita hapa. Ilitupiga picha, ikatugawia kofia, ikaenda zake. Hii ni njia ya kupita. Pembe za ndovu zilipita, tumbaku inapita. Wewe umeona kipi kikarudi?"

Mwishowe tukakubaliana: nusu ya mbegu ataichukua mgeni, nusu inabaki uchagani kwangu. Hilo ndilo neno nililotoa, na nikamwambia Mayu. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya mgeni nilikwenda barabarani kuwapokea, yeye na Dionis, maana gari lingepotea. Tuliporudi, kabla hata hatujaiona nyumba, nikasikia kinu. Nikashuka gari likiwa bado linatembea, nikakimbilia jikoni. Uchaga mtupu. Mayu anasonga ugali wa kijivu, jasho linamtoka, uso umemng'aa kama wa msichana. Nguvu za kutwanga alizitoa wapi, Mungu anajua.

"Mayu! Umefanya nini?"

"Wageni wamefika. Nimewasikia tangu alfajiri. Ulitaka tuwape michembe?"

Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa: mgeni hula kilicho bora ndani, na akiondoka hufungiwa ya njiani. Bibi alifanya hivyo, mama yake pia, tangu enzi za misafara. Lakini jamani, mbegu!

Salamata alikuwa mwanamke mrefu, kilemba cha buluu. Akanawa, akakaa kwenye kigoda, akamega tonge, akachovya kwenye mlenda. Alipotafuna alifumba macho. Moshi ukapanda polepole mle jikoni, na kwa muda hata mimi nilisahau nilikuwa wapi. Alipoyafumbua, yalikuwa na machozi. Akasema kitu kwa Kiingereza, Dionis akatafsiri: "Anasema huu ni ugali wa mama yake. Haelewi umefikaje huku."

"Ulikuja kwa miguu," Mayu akajibu, kana kwamba ni jambo la jana.

Hapo mimi nikashindwa. "Mwambie basi aule vizuri, maana ndiyo mbegu aliyoifuata!"

Dionis akaona haya, lakini akasema. Tonge likamganda Salamata mkononi.

"Kula, mwanangu," Mayu akamwambia. "Usimsikilize huyu."

Walipokuwa wanaaga, Mayu akachana upindo wa kanga yake nyekundu yenye michoro ya korosho. Akaingia ndani, akatoka na kifundo kidogo, akakitia mkononi mwa mgeni. "Ya njiani." Nilijua kilichomo bila kuuliza. Masuke machache ambayo hakuwahi kuyatwanga, amepukuchua, amefunga. Ndiyo yote yaliyobaki.

Salamata hakumtazama Mayu, alinitazama mimi. Alielewa kila kitu. Akanyoosha mikono yote miwili, akanirudishia. Haki ya Mungu, nilikitaka kifundo kile. Vidole viliniwasha. Lakini mama yangu amesimama pale, upindo wa kanga yake umechanika, anatabasamu kwa sababu msafara wake umekula. Unanyang'anyaje ya njiani mkononi mwa mgeni? Nikaisukuma mikono yake nyuma. "Nenda nayo," nikasema. "Ila irudi. Mwambie, Dionis. Irudi!"

Alipoambiwa, akakibana kile kifundo kifuani. "Anasema mama yake mwenyewe ataipanda."

Gari likaondoka. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, nikaapa sitakaribisha tena mtu.

Mvua zikaja kidogo, zikakatika. Nilipanda mahindi, yakawa yale yale. Jikoni nilijizuia kutazama juu. Dionis nikimpigia, kila mara: "Mama, vuta subira, vibali bado." Nikawa sipigi tena. Mayu peke yake ndiye hakuwa na wasiwasi. "Wapagazi hurudi," alikuwa akisema. "Nani anakaa na mzigo usio wake?" Nilimhurumia.

Miti ikatoa tena majani mekundu kama inavyofanya kabla ya mvua. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani, nikasikia kengele. Ndogo, ya mbali, huko nyuma kwenye njia ya zamani. Ufagio ukaniponyoka. Safari hii nilisikia mimi, kabla ya Mayu.

Akatokea Dionis juu ya baiskeli ya kuazima, vumbi hadi kwenye nyusi, maana gari lilikwama korongoni. Nyuma amefunga mfuko mnene. Mdomo wa mfuko umekazwa kwa upindo wa kanga nyekundu ya korosho.

Mayu akainuka kizingitini, akampita Dionis bila kumwona. Akaweka kiganja juu ya ule mfuko.

"Mwangaluka," akausalimu. "Pole na safari. Umekula?"

Nililia, nikacheka, sijui kipi kilianza. Nikachota, nikatwanga, nikasonga. Dionis akapiga kelele, "Mama, hiyo ni mbegu!" Nikamwambia mgeni hasemi jikoni kwa watu, anakula.

Alipokuwa anajiandaa kuondoka, akataja kwamba kesho anakwenda Choma. Nikachana upindo wa kanga yangu mimi, nikaujaza uwele, nikaufunga. "Ya njiani," nikasema. "Mpelekee shangazi yangu, naye atawagawia wenzake."

Mayu alikuwa ananitazama kutoka kizingitini.

"Ongeza, Recheli," akasema. "Choma ni mbali."