Tupa Mbili kwa Wiki

Bastola yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, aina ile mtu hununua akitaka kelele kuliko shabaha. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kizungu mwenye shamba la kahawa pale Mugutha. Wafanyakazi walimwita Bibi Kofia, maana kofia yake ilikuwa kubwa kuliko majiko ya watu wengine. Kila akiifyatua, bastola ilimpiga teke mpaka kiwiko kikauma wiki nzima. Basi akaipeleka Thika kwa Velji, Mhindi aliyetengeneza cherehani, baiskeli na, kwa leseni, bunduki. Akataka ibadilishwe itumie ile risasi ndogo isiyo na fujo, apate kucheza shabaha na wenzake kilabuni Ruiru.

Kazi ikamwangukia Munyao, fundi Mkamba wa mikono mitulivu. Akapachika bomba jembamba ndani ya lile nene la mtutu, akaweka springi laini, ikawa tayari kujaribiwa. Lakini ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, siku za Hali ya Hatari, na Mwafrika kufyatua bastola ilikuwa kujitafutia kamba ya shingo. Kwa hiyo Jumamosi Velji akaifungia sandukuni kwa kufuli, akampakia Munyao garini, wakaenda Mugutha ili mwenyewe aijaribu.

Bibi Kofia akafyatua risasi tano. Zote zikaingia mchangani, chini ya debe alilolenga.

Munyao aliujua ubaya kabla moshi haujaisha. Kile kichuma cha kulengea, pale mbele, kilikuwa kirefu mno kwa risasi ndogo. Ukikikwangua kwa tupa, ile ya kunolea chuma, mara kumi tu, risasi zitapanda. Alikuwa anafungua mdomo aseme, ndipo Idah, mtumishi wa nyumba, akatoka jikoni na chai.

Idah alikuwa Mkikuyu, na miaka ile msichana wa Kikuyu hakutoka shambani bila karatasi yenye sahihi, wala mgeni hakuingia bila sababu. Munyao akafunga mdomo. Akaufungua tena kwa chai tu.

"Bado kidogo," akamwambia Velji. Wiki hiyo akapiga tupa mbili.

Jumamosi ya pili risasi zikapanda upana wa kidole. Chai. Akapiga mbili zingine. Jumamosi ya tatu, chai na nduma za kuchemsha.

"Mkono wako una ugonjwa gani, fundi?" Idah akauliza.

"Hauna."

"Huku kwetu fundi hupachika mlango siku moja. Wewe kachuma kama ukucha, wiki ya tatu sasa."

"Chuma kikishakatwa hakirudi. Lazima mtu aende polepole."

"Polepole hiyo, utakuta mwenye bastola ameshazikwa."

Munyao alicheka mpaka chai ikampitia puani. Wiki ile akapiga mbili tena, kwa huzuni, maana zilibaki nne tu.

Jumamosi ya nne wakamkuta Bibi Kofia ameketi ngazini, kofia iko magotini. Bila kofia alikuwa bibi kizee tu, nywele chache kama za mtoto mchanga.

"Wamenicheka kilabuni," akasema. "Labda ni macho yangu, Munyao. Labda niache."

Hayo yakamchoma Munyao. Akaomba tupa kwa Velji papo hapo, akakwangua mara nne, akapangusa kwa kidole gumba. "Jaribu, memsabu. Macho yako ni mazima."

Debe likalia. Likalia mara tano, na bibi kizee akaruka kiatu kikamtoka.

Munyao akaenda jikoni kurudisha kikombe.

"Imeisha," akasema.

"Nimesikia debe."

"Basi sina sababu ya kuja tena. Idah, nilijua dawa yake tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najisogezea siku, nikuone."

Idah akakausha mikono bila haraka. "Hata mbwa wa hapa walijua." Akatoa karatasi mfukoni mwa aproni: ruhusa ya kwenda kanisani Thika kila Jumapili, sahihi ya Bibi Kofia, wino umeshaanza kufifia. "Niliiomba ile Jumamosi ya pili. Nikaikalia kwanza, nione kama wewe ni mtu wa kumaliza kazi. Ungenijengea nyumba nusu, ningelala wapi?"

"Kwa hivyo nimejichelewesha mwenyewe."

"Jumapili mbili nzima. Kesho mama yangu atakuwa kanisani pia. Wakamba yeye hawapendi sana. Uje umeoga."

Velji akapiga honi. Munyao alifika garini ndipo akaona bado ameshika kikombe cha watu, na Idah, mlangoni pale, hakukidai.