Siku ya Kumfunda Naila

Tatu alifika Kurui akiwa hoi, mguu wa kushoto umevimba. Wifi yake Firdausi alimwita kutoka Misugusugu aje amfunde bintiye Naila, maana ndoa ilikuwa Jumamosi, na kwao shangazi ndiye somo, kungwi wa mwali. Njia nzima Tatu alitafuta maneno ya kukataa. Yeye aliyekatwa sehemu za siri kwa saratani miezi minane iliyopita, akashonwa, amfunde nani?

Jamani, saratani ile ilianza na muwasho tu! Tatu alifundwa kwamba mambo ya chini ya kiuno humwambii mume wala daktari, unamwambia somo wako. Akamwambia. Somo wake, Bi Mwanakheri, naye kwa moyo mweupe kabisa, akampa majani ya kuchemsha, akalie mvuke. Miaka miwili ya mvuke! Alipofika hospitali, kidonda kilikuwa kimeshakula ndani.

Sasa akikojoa, mkojo unamtiririka mapajani. Kukaa, anakaa upande. Badru mumewe hajamwacha wala hajamtolea neno baya. Amehamia tu chumba cha watoto, na asubuhi anamuuliza "umeamkaje" kama anayemjulia hali mgonjwa wa jirani. Hilo linamuuma Tatu kuliko kisu.

Wakafungiwa chumbani, yeye na Naila. Naila, msichana wa miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa kiwandani Zegereni, alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, kichwa chini. Tatu akabaki amesimama.

"Kaa, shangazi."

"Siwezi kukaa hivyo, mwanangu."

Alitaka kuaga aondoke. Badala yake akafungua kanga.

"Tazama."

Naila akatazama, akaziba mdomo.

"Ukiwashwa, ukiona kidonda, mwambie mumeo. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Usinisubiri mimi. Mimi sijui kitu, Naila! Mimi nilikaa kwenye mvuke!"

Naila akainuka. Akamfunga kanga polepole, asije akamgusa pabaya.

"Bado panauma, shangazi?"

Miezi minane Badru hajawahi kuuliza hivyo. Tatu akamwangukia msichana begani, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa.

Huko nje wanawake walisikia kilio. Wakadhani ni bi harusi, mafunzo yamemwingia. Wakapiga vigelegele.