Mvinyo Uliomwagwa

Raisa hakuutema mara moja. Aliuzungusha mdomoni macho ameyafumba, kama kawaida yake, na sisi tuliosimama kuizunguka meza tukamngojea. Kisha akainamia ndoo, akautema, akajipangusa midomo kwa kiganja, akaniangalia mimi kabla ya kumwangalia mkurugenzi.

"Una kutu," alisema.

Mvinyo ule ulikuwa wangu. Tangu nitoke jeshini nilifanya kazi katika ghala lile lililochimbwa ndani ya kilima cha chokaa, na miaka yote hiyo nilikuwa nikitunza mvinyo uliobuniwa na wengine. Mara ile moja tu mkurugenzi wetu, Vlas Cebotari, alikubali nichanganye wa kwangu mwenyewe, mvinyo wa mapovu, kutokana na zabibu nyeupe za kando ya mto Raut, zile ambazo wenzangu walizidharau wakisema zinafaa juisi ya watoto. Niliulaza gizani na chachu yake, chupa nikazigeuza kwa mikono yangu msimu baada ya msimu. Raisa, mke wangu, alikuwa mwonjaji mkuu. Neno lake lilikuwa la mwisho pale ghalani, na Cebotari mwenyewe hakuwahi kulipinga.

"Kutu ya namna gani?" Cebotari aliuliza.

"Kama unalamba bomba kuukuu. Samahani, Tolea." Ndivyo alivyozoea kulifupisha jina langu, Anatol.

Cebotari alikuwa amempa nafasi ya kukaa kando siku hiyo, kwa kuwa mvinyo ni wa mumewe. Akakataa. Alisema siku atakapoonja kwa kuangalia chupa ni ya nani, hiyo ndiyo siku ya kumfukuza. Nilimpenda kwa jibu lile. Nilisimama pale nimeumia, na bado nilikuwa nampenda kwa jibu lile.

Jambo lililofuata nimelifikiria kuliko mengine yote. Asubuhi nilikuwa nimefungua chupa peke yangu, nikaonja, nikahisi tofaa bichi, na nyuma yake harufu ya ganda la mkate unaotoka tanurini. Nilicheka peke yangu mle pangoni kama mwendawazimu. Lakini Raisa alipokwisha kusema, niliinua glasi tena, na safari hii niliihisi kutu. Naapa niliihisi, kali, pembeni mwa ulimi.

"Ndiyo, ipo," alisema Petru wa maabara. "Mwishoni kabisa, ukishameza."

"Mimi niliisikia tangu mwanzo," alidakia Anfisa, msimamizi wa akina mama wa kufunga vizibo. "Sikutaka tu kumvunja moyo Anatol."

Cebotari akaiweka glasi yake chini bila kuimaliza.

*

Mke wangu aliugua kipandauso tangu alipomzaa binti yetu, Doina. Kilimjia bila hodi. Alianza kuona vimulimuli kwenye jicho moja, kisha nusu ya kichwa ikamgonga kana kwamba mtu amefungiwa ndani anataka kutoka. Tulimfungia mapazia, tukamwekea beseni kando ya kitanda, na Doina akakua akijua kutembea kwa ncha za vidole kabla hajajua kusoma. Raisa alikunywa kila kidonge kilichouzwa famasi, na kila jani ambalo majirani walimchemshia.

Kisha, vuli iliyotangulia siku ile ya kuonja, kliniki ya mjini ikapata daktari mpya, kijana aitwaye Turcanu, mpole, mwenye miwani iliyomteremka puani kila alipoandika. Alimwandikia vidonge vya kumeza kila siku, si vya kutuliza maumivu bali vya kuyazuia yasije. Akamwambia, "Mama, dawa hii ina vituko vyake. Ukiona badiliko lolote, hata la kuchekesha, njoo uniambie."

Baridi ilipoingia, maumivu yalikuwa yamekoma. Sijui nieleze vipi. Nilirudi nyumbani nikakuta mapazia wazi, redio inaimba, Raisa anasonga ugali wa mahindi na kuimba juu ya redio.

"Tolea," aliniambia, "leo nimesahau kwamba nina kichwa."

Vidole vilimwasha, kama vimelaliwa. Wakati mwingine neno dogo lilimponyoka, akasema "lile... lile la kuchotea" akimaanisha upawa. Nilimwambia amweleze daktari.

"Nimweleze aninyang'anye dawa?" Akanitikisia mwiko usoni. "Vidole viwashe tu! Kama ni bei yake, nailipa."

Msimu wa baridi ghala letu halina cha kuonja. Mvinyo hulala. Nyumbani alikunywa chai, na maji ya kisima chetu. Kwa hiyo kinywaji cha kwanza chenye mapovu kilichogusa ulimi wake tangu aanze dawa ile kilikuwa mvinyo wangu.

*

Cebotari alitaka nafasi ghalani, kwa sababu wenye ghala walikuwa njiani kutoka Chisinau, mji mkuu, kuja kukagua. Aliagiza mvinyo wangu ufunguliwe, umwagwe kwenye tangi, ukachemshwe kuwa spiriti. Alinipa ruhusa ya kubaki nyumbani. Hata hivyo nilikwenda. Sikutaka mikono ya mtu mwingine iumwage.

Tulifungua chupa moja baada ya nyingine. Vizibo viliruka, povu likatujaa viatuni, na kwenye ile baridi ya pango harufu ikapanda ikatuzunguka. Ilikuwa harufu ya tofaa. Nilisimama na chupa mkononi nikaivuta puani, nikajiambia pua hudanganya, mtu hunusa anachotamani. Petru alinusa pia. Aliniangalia, akafungua kinywa, kisha akachukua chupa nyingine.

Nyumbani Raisa alikuwa amenipikia vizuri kupita siku zote, mikate ya jibini na ya malenge, kama msibani.

"Ungetaka nikudanganye?" aliniuliza, bila mimi kumwuliza kitu.

"Hapana."

"Basi kula."

Nikala.

*

Tarehe yake ya kliniki iliangukia siku za joto la kwanza. Nilimpeleka kwa gari, na kwa kuwa kwenye ujia hapakuwa na kiti, Daktari Turcanu akaniambia niingie nami.

"Enhe, mama. Kichwa?"

"Sina kichwa, Daktari. Umenifanya msichana."

"Na dawa? Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna."

"Vidole?"

Raisa akanitupia jicho. "Vinawasha kidogo. Si kitu."

Daktari aliandika, akasukuma miwani juu. Chumba kilikuwa tanuri. Alitoa chupa ya maji ya madini kwenye friji ndogo nyuma yake, akatumiminia sote watatu, akayanywa yake kwa mkupuo mmoja. Raisa akapiga funda, akakunja uso, akairudisha glasi mezani haraka.

"Daktari, usinywe tena haya. Yana kutu."

Niliyaonja ya kwangu. Yalikuwa maji.

"Hayana kutu, mama," alisema Turcanu bila haraka yoyote, na alikuwa ameshaishika tena kalamu. "Ni dawa hiyo. Vinywaji vya mapovu hugeuka ladha mdomoni, wagonjwa kadhaa wameniambia hivyo, soda, bia, chochote chenye gesi. Haina hatari. Ukiiacha dawa ladha hurudi, ila usiikate ghafla, tutaipunguza taratibu." Akainua kichwa, akatutazama. "Nimesema vibaya? Kwani mama unafanya kazi gani?"

Raisa alikuwa akiitazama glasi. Mapovu yalikuwa bado yanapanda.

"Kwenye faili imeandikwa mfanyakazi wa kiwanda," daktari aliendelea.

"Anaonja mvinyo," nikasema mimi. "Wa mapovu."

Kijana yule akaiweka kalamu chini.

Ndani ya gari Raisa hakulia. Alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Nipeleke kwa Cebotari."

"Kesho."

"Sasa hivi, Tolea."

Alisimama mbele ya meza ileile na kuwaita walewale, akawaeleza yote: vidonge, maji ya daktari, ulimi wake. Hakujitetea. Cebotari alikuna shingo.

"Lakini Raisa, tuliuonja sote. Sote tuliisikia hiyo kutu."

"Mliuonja uso wangu," alisema.

Anfisa akaanza kufunga upya kitambaa chake cha kichwa. Petru alitazama viatu vyake. Nami nilikuwa mmoja wao.

*

Aliipunguza dawa kama alivyoelekezwa, na kabla ya mavuno ulimi ulikuwa umerudi. Kipandauso nacho kilirudi. Turcanu akamjaribishia dawa nyingine, ikamsaidia nusu. Cebotari alimbembeleza ashike tena nafasi yake, naye alikwenda mara mbili tatu, kisha akaomba ahamishiwe dukani. Aliniambia kwamba sasa, akiwa na mvinyo mdomoni, hujikuta akisubiri wengine waseme kwanza.

Kuhusu mvinyo wangu aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunapogoa mizabibu ya nyuma ya nyumba, amenipa mgongo.

"Ulikuwa mzuri?"

Nilitaka kumwambia habari ya tofaa na ganda la mkate. Nilitaka pia kumwambia kwamba haukuwa kitu, ili alale. Lakini ninapojaribu kuikumbuka ladha ile, zinakuja zote mbili, tofaa na kutu, na sijui tena ipi ilikuwa ya mvinyo.

"Sijui, Raisa," nilimjibu.

Alitikisa kichwa, akaendelea kukata.

Doina aliolewa mwaka juzi. Baba wa bwana harusi alituletea mezani chupa ya mvinyo wa mapovu alioutengeneza mwenyewe, akajaza glasi, akabaki amesimama mbele ya mke wangu akitabasamu, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwonjaji mkuu wa ghala letu. Raisa akapiga funda. Hakumeza. Akanigeukia, mashavu yamejaa, akaniuliza kwa macho.

Nikaonja.

"Mzuri," nikasema.

Naye akameza.