Kichwa cha Bernadetha

Kichwa cha Bernadetha kilipasuka Jumatano mchana, juu ya bati la banda la kuni la shule, na aliyekipasua ni mimi, mwalimu wa sanaa. Bernadetha mwenyewe tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Hiki ni kile alichokichonga mumewe, Mzee Melkior, kwa mti wa mringaringa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpiga yule mama picha.

Shule yetu iko juu huku Kibosho, na sanamu za kuwaonyesha wanafunzi hatuna. Tuna miwani ya VR moja. Unaipiga sanamu picha kwa simu pande zote, kompyuta inaziunganisha, kisha mtoto anavaa miwani na kuizunguka sanamu kama yuko nayo chumba kimoja. Tatizo ni kwamba kichwa kile kilikuwa kimepakwa mafuta miaka yote hiyo, kinang'aa, na simu haisomi kinachong'aa. Nikakipaka poda ya mtoto. Picha zikatoka safi ajabu. Poda ikaganda kwenye mistari ya nywele, nami, msomi wa chuo, nikakisugua kwa maji na sabuni kama sufuria ya makande, nikakianika juani.

Nilisikia ta. Ufa kutoka sikioni hadi kidevuni, ukucha unaingia.

Mzee alipokuwa akinikabidhi alisema, "Mwalimu, nakuazima mke wangu. Ijumaa nakuja kumchukua, maana jioni tunasali naye rozari."

Siku mbili sikula. Nilichuma jani la sale kwenye mpaka wa shamba letu, nikalikunja ndani ya daftari la mahudhurio. Anayeombwa radhi kwa sale hakatai, hata Mchaga mwenye kesi ya kihamba, shamba la ukoo. Lakini maisha yamenizaba makofi mengi, na yalichonifundisha ni kujificha kwanza. Nikapanga hivi: mzee avae miwani, afurahi, kisha nimpe kichwa kimefungwa kwenye kanga. Akiuona ufa nyumbani kwake, alaumu jua la Januari.

Akaja saa nne, na fimbo na koti la kanisani.

"Shikamoo babu," darasa likamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Kwa hiyo mke wangu ameingia kwenye hiki kidude?"

"Ameingia, babu," akasema Godbless wa dawati la mbele, "na hajalipa nauli."

"Huyo ndiye yeye. Hata harusini alikuja bure."

Walicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Nikamvisha miwani. Akageuza shingo taratibu, kisha akanyoosha mkono kumpapasa. Mkono ukapita hewani. Akajaribu tena.

"Mwalimu, mbona hana shavu?"

"Lipo, babu, ila halishikiki."

"Mimi nilimchonga macho yakiwa yameshaanza kufifia. Namjua kwa kidole gumba. Niletee wangu."

"Si umtazame kidogo tena, babu? Kwa nyuma hujamwona."

"Niletee."

Nikafungua kanga. Kidole gumba kikaanza kwenye paji, kikashuka kwenye nyusi, kikazunguka sikio. Kikasimama. Darasa zima likasikia jinsi kilivyosimama.

"Hii nini?"

Nikachomoa jani kwenye daftari, nikalishika kwa mikono miwili, nikasema yote: poda, maji, jua.

"Sabuni gani?"

"Ya unga, babu."

"Ya unga," akarudia, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake wamekufa wote. Akavua miwani. "Ungenitangulizia jani, saa hizi ningekuwa nyumbani nimeshakusamehe. Wewe umenitangulizia miwani."

Akalipokea jani, akalitia mfukoni mwa koti.

"Nimepokea, kwa sababu sale halikataliwi. Lakini nimekasirika, na nitakasirika mpaka Pasaka. Huyo wa ndani ya kidude ana ufa?"

"Hana, babu. Nilimpiga picha kabla."

"Basi huyo simjui. Utampiga picha upya, na ufa wake, na uwaambie hawa watoto umetoka wapi."

"Anang'aa, babu. Bila poda simu haimwoni."

"Basi watamwona wao. Fumbeni macho, mje mmoja mmoja."

Wakapanga foleni, Godbless mbele, macho yamefumbwa kweli. Aligusa pua, akagusa nywele, akasema polepole, "Babu, huku upande wa kushoto anatabasamu, kulia hapana."

"Jino lilikuwa likimuuma wiki ile nikimchonga," akasema mzee.

Mimi nilikuwa nimekizunguka kichwa kile na simu nikapiga picha mia mbili na kumi. Tabasamu lile sikuliona.

Wa mwisho alipomaliza nilidhani nimeponyoka.

"Na wewe, mwalimu. Kidole gumba."

Nikafumba macho. Paji, nyusi, sikio, kisha ule ukingo mkali. Kidole kilikuwa kimelowa jasho, nami nikaogopa hata hilo litamdhuru.