Darubini ya Mwalimu Nyamai

Mume wangu Nyamai alichagua darubini kama anavyochagua beberu sokoni: aliipima uzito mkononi, nyingine zote akaziona zimekonda. Gakenia, msichana aliyetuuzia dukani Kitui, alijaribu kumwokoa.

"Mwalimu, kama ni ndege za hapo nyumbani, chukua hii ndogo. Hiyo kubwa ni ya mbali. Karibu haioni kitu, na mkono itachoka."

"Msichana wangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Hiyo imeandikwa nane, hii ishirini. Ishirini ni kubwa."

Tukarudi Migwani na ishirini yetu. Niliolewa na mtu mkaidi nikijua.

Shida ni kwamba huku kwetu ndege hutazamwa na mtu mwenye jiwe mkononi. Tumewafukuza kwenye mtama tangu utotoni. Mtu mzima akisimama uani kila asubuhi anawaangalia tu, bila kurusha chochote, watu wanajua anaangalia kitu kingine. Wavinya, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, aliona vile vioo vikimetameta akajua mara moja kitu hicho ni nini: bafu lake la mabati. Ijumaa akaja na Pasta Nzau, na Jumapili hiyo ndiyo Nyamai alikuwa asimikwe mzee wa kanisa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mume wangu alikuwa ameingoja heshima ile miaka tisa, na suti nilikuwa nimeshaipiga pasi.

"Mwalimu, hatujakuja kukuhukumu," Pasta alisema. "Nionyeshe tu ndege moja na hiyo kitu, maneno iishe."

Ndege alikuwepo, chozi mdogo, ananyonya maua ya mpapai hatua nne kutoka mlangoni. Pasta akainua darubini.

"Naona kijani," akasema.

"Rudi nyuma kidogo, Pasta."

Pasta akarudi nyuma mpaka akakanyaga sahani ya kuku. "Sasa naona kijani inatetemeka."

Wavinya akakunja mikono. "Kwa hivyo ndege haionekani. Sasa huwa unaangalia nini, Mwalimu?"

Nyamai alitokwa jasho. Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Wavinya akamnyang'anya Pasta ile darubini, akaielekeza kwake. "Ngoja niwaonyeshe vile bafu yangu inaonekana."

Akatazama. Akaendelea kutazama.

"Mama Mutindi," akaniambia taratibu, "nilikuambia bwana yangu ako wapi?"

"Ulisema amelala, mgongo."

Mgongo wa Ndululu, mume wake, tuliujua sote. Alikuwa hajachimba matuta ya shamba miezi miwili kwa sababu yake.

"Anafukuza jogoo yangu. Ameruka ua." Akamfuata kwa darubini. "Ameruka tena. Amemshika."

Pasta akaomba aone. "Hiyo mgongo tumeiombea mara tatu," akasema. "Pengine imepona leo." Lakini hakusema kwa imani. Kisha akaongeza, "Na hiyo bafu mlango yake inaangalia upande ile ingine. Hapa hakuna kitu ya kuona."

Wavinya hakumsikia. Alikuwa ameshafika nusu ya mteremko.

Jumapili Nyamai akasimikwa. Jumatatu asubuhi na mapema Ndululu akabisha hodi, kofia mkononi.

"Mwalimu, hiyo kitu itakuumiza mkono. Nipe niirudishe Kitui, nikuletee ile ndogo. Nauli ni yangu."

Akaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Sasa ninajua chozi wetu ana kifua chekundu. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilitokwa na machozi kidogo, na Nyamai akajifanya ameona kitu juu ya paa.

Ndululu naye huchimba matuta tangu jua linapochomoza. Kila nikitoka na darubini hunipungia mkono, kisha huongeza kasi. Kwa hii ndogo, kule kwake naona shati likipanda na kushuka na mkono ukipunga, basi. Siwezi kujua kama jembe linagusa udongo. Hajaniuliza hii inaona umbali gani, nami sijamwambia.