Koti la Kipchirchir

Yule nyani dume alikuwa amemshika Biskuti kiunoni, kama mtu anavyoshika gunzi la mahindi, nami nilisimama hatua sita tu kutoka hapo nikiwa na blauzi mwilini. Koti nilikuwa nimelivua dakika chache kabla. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, na miaka minne baadaye bado hulikumbuka ninapoanika nguo.

Koti lenyewe lilikuwa la mume wangu, Kipchirchir. Kwetu Molo shamba letu la viazi lilipakana na msitu, na kila mwanamke wa upande ule anajua kwamba nyani hawamwogopi mwanamke. Wanamtambua kutoka mbali, wanaendelea kung'oa viazi huku wakimtazama. Kwa hiyo ukienda kulinda shamba unavaa koti la mwanamume na kofia yake, unatembea umetanua mabega, nao wanakimbia. Nyani walimwogopa Kipchirchir. Mimi pia nilimwogopa. Alikuwa akifunga mlango kwanza, polepole, halafu anasema, "Leo utanijua." Mkono wangu wa kushoto haunyooki vizuri hadi leo. Asubuhi niliyotoroka kulikuwa na baridi kali, nikachomoa koti lake na kofia msumarini nikaenda navyo.

Nakuru nilipata kazi kwa Wariara, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu na mbwa wawili wadogo alioachiwa na bintiye Abby alipohamia ng'ambo. Biskuti alikuwa na manyoya ya hudhurungi, na Meja, licha ya jina hilo kubwa, hakumzidi paka. Siku ya kwanza Wariara aliniambia kwamba hao ndio watu wake waliobaki, na mmoja wao akidhurika mikononi mwangu, nichukue nguo zangu niende. Nilicheka moyoni. Kwetu mbwa hula makombo na kulala nje, na sasa mimi mtu mzima nawatembeza wawili kwa kamba kama watoto wa nasari. Vijana wa boda boda walinitania kila asubuhi. Lakini usiku niliposhtuka usingizini, Biskuti ndiye aliyekuja kulalia miguu yangu. Nilimpenda, wacha niseme tu.

Mimi na mbwa tulikuwa tukipanda njia za msitu wa Menengai, chini ya miti ya bluu-gamu, mimi nikiwa ndani ya koti na kofia. Nyani walitupisha. Wariara alisema nafanana na askari wa msitu.

Februari ile jua lilichoma hadi majani makavu yakawa yanapasuka chini ya viatu. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikajiambia kwamba kwa joto kama hili hata nyani wamelala kivulini, nikalivua koti, nikalifunga kiunoni. Hatukuwa tumefika mbali Biskuti alipoanza kubweka.

Alikuwa dume mzee, jino moja limevunjika. Alishuka mtini bila haraka, akamnyakua Biskuti, akauma. Nilipiga kelele. Akaniangalia, akapima alichokiona, halafu akauma tena. Mtazamo ule niliujua tangu Molo.

Niliachilia kamba ya Meja. Niliokota tawi la bluu-gamu, zito, nikampiga shingoni hadi akamwachilia Biskuti. Akanirukia, akanichana mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Nikampiga puani. Akaanguka, nami nikampiga kichwani, nikapiga tena, damu ikanirukia usoni na mdomoni, tawi likavunjika nikaendelea na kipande kilichobaki. Kulikuwa na mtu anaongea karibu yangu, sauti nzito, bila pumzi, akirudia maneno yale yale. "Leo utanijua. Leo utanijua." Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi.

Mkono ulinigusa begani. Ni Kosgei, aliyekuwa akilisha ng'ombe wake pale msituni.

"Mathe, imetosha," alisema. "Hiyo kitu imekufa kitambo."

Niligeuka na kile kipande cha mti juu. Kosgei ni mtu mkubwa, lakini alirudi nyuma akainua mikono yote miwili kufunika uso, viganja nje, kichwa kikiwa chini. Mimi nimesimama hivyo mara nyingi.

Biskuti alikuwa amekata roho. Nilimfunga ndani ya koti, Kosgei akachimba kaburi kwa panga lake.

"Lakini hii koti bado ni mzuri," alisema. "Si ungenipea tu?"

"Hapana," nikamwambia. "Hii wacha ioze."

Wariara alilia siku mbili, ila hakunifukuza. Mkono wangu aliuosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Nilimshukuru, na nashukuru hadi leo.

Ila mchana ule kabla ya kurudi nilikuwa bado sijampata Meja. Nilimkuta amejibana kwenye mizizi ya mti, kamba imelala chini. Niliinama nimshike, kile kipande cha mti kikiwa mkononi mwangu tena. Akajikunyata, macho kwenye mkono wangu, akajikojolea.

Nilikitupa kipande kile mbali, nikaketi chini kwenye majani, viganja vikiwa wazi magotini. Sikumwita. Jua lilikuwa limeanza kushuka aliposogea hatua ya kwanza.